Mzigo wa Mlezi Haumo Wote Ndani ya Alama 88

Anayetaka kupima hali ya watu wanaotunza wazazi wenye demensia katika ukanda wa chai wa Kericho na Bomet anaweza kushika vyombo viwili. Cha kwanza ni hojaji ya Zarit, iliyochapishwa Marekani mwaka 1980 ikiwa na maswali 29, kisha ikapunguzwa hadi 22. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 4, kwa hiyo jumla haivuki 88, na anayepita 60 huhesabiwa kuwa ameelemewa vibaya. Cha pili ni WHOQOL-BREF ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 26 kuhusu mwili, nafsi, mahusiano na mazingira katika wiki mbili zilizopita. Vyombo vyenyewe ni vizuri. Tatizo ni kuichukua jumla yake kana kwamba ndiyo mzigo wote. Familia inayoishi kwa chai hulipia utunzaji kwa kazi inayoachwa, na kazi ndiyo inayopimwa kwa uchache.

Tuhesabu. Katika maswali 22 ya Zarit, moja linauliza kuhusu fedha, na jingine kuhusu kubanwa kati ya mgonjwa na majukumu mengine ya nyumbani au kazini. Yote mawili yana alama 8 kati ya 88, chini ya sehemu moja ya kumi. Mengi ya yaliyosalia yanahusu hasira, aibu, faragha, hofu na kujilaumu. Mkaza mwana aliyeacha kabisa kuchuma ili mama mkwe asipotee njiani, lakini hamwonei haya wala hajilaumu, ataonekana ana mzigo mwepesi. WHOQOL-BREF nayo ina maswali matatu tu ya mahusiano, na moja ni la tendo la ndoa. Akiulizwa hilo wazee wakiwa wameketi karibu, ataliruka au atatoa jibu la heshima, na theluthi ya fungu hilo itakuwa imeharibika. Hata majira yana neno: katika ukame wa Januari hadi Machi majani hupungua, na mlezi yuleyule atajibu tofauti na wakati mvua imekolea na chai haingoji.

Dawa ni kuongeza ukurasa wa pili unaohesabu kazi. Mfano upo: hojaji ya RUD, iliyobuniwa na Anders Wimo wa Sweden na wenzake, huuliza saa za kuogesha na kulisha, na saa za kumchunga mgonjwa. Wapinzani watasema mlezi hawezi kukumbuka saa hizo, maana humchunga mzee huku akipika. Ni kweli, lakini mashamba madogo yana ushahidi mwingine. Mkulima wa KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo wa Kenya, ana namba yake, na majani yakipimwa kituoni hupewa risiti ya kilo. Kilo za kabla na baada ya ugonjwa zikilinganishwa na za majirani wa kituo kilekile, athari ya mvua hupunguzwa. Kilo zikibaki palepale, iulizwe kama kibarua ameajiriwa na analipwa kiasi gani, kwani huenda hasara imehamia huko.

Wengine watahofia kwamba nyongeza hiyo itavuruga ulinganisho na nchi nyingine. Haitavuruga ikiwa Zarit itaachwa kama ilivyo na hesabu ya kazi isijumlishwe nayo. Kundi la 10/66, lililoanzishwa mwaka 1998 kuchunguza demensia katika nchi zinazoendelea, liliuliza mzigo kwa Zarit na pia likauliza muda wa utunzaji na kazi ya kipato iliyopunguzwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumtunza mzazi ni wajibu, na wajibu hauwekwi kwenye mizani. Lakini kupima gharama ya wajibu si kuukana. Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa ruzuku, humpa mzee aliyesajiliwa wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi, awe anajitegemea au anachungwa usiku na mchana. Mlezi hamo katika hesabu hiyo. Walezi wawili wakipata alama 45 kila mmoja, aliyezidiwa na huzuni anahitaji mshauri, na aliyefungwa nyumbani anahitaji mtu wa kumpokea zamu siku za kuchuma. Kaunti inayopewa jumla peke yake haitajua impeleke nani wapi.