Mshale Unasema 60, Setilaiti Zinasema 55: Kosa Liko Wapi?

Pikipiki nyingi, hata mpya zisizo na hitilafu yoyote, humwonyesha dereva mwendo mkubwa kuliko anaokwenda. Zimepangwa hivyo tangu kiwandani. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya na Japani miongoni mwa nchi nyingine, inakataza spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, lakini inairuhusu kusoma juu. Modeli mpya inapopimwa ili ipewe idhini, ziada inaweza kufika sehemu ya kumi ya mwendo halisi, na juu yake kilomita 4 kwa saa. Chombo kinachokwenda 80 kinaweza basi kuonyesha hadi 92 na kikahesabiwa kuwa sawa. Mtengenezaji aliyekatazwa kushuka chini ya ukweli hata kidogo, huku akijua kwamba matairi na springi havitoki kiwandani vikilingana kwa asilimia mia, hulenga juu kwa makusudi.

Kwa hiyo kuchukua simu, kulinganisha namba mbili na kutangaza kijiweni kwamba spidomita inadanganya si uchunguzi. Swali lenye faida ni hili: katika tofauti inayoonekana, ni kiasi gani kimetoka kiwandani, na kiasi gani kimeletwa na tairi, gia au uchakavu? Vyote hivyo vinatenganishika, na kazi yenyewe haihitaji karakana.

Tuanze na kilichomo ndani. Katika spidomita ya mshale, ambayo ndiyo iliyo kwenye bodaboda nyingi, gia ndogo iliyo kwenye kitovu cha gurudumu la mbele huzungusha kebo, na kebo huzungusha sumaku iliyokaa ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe. Inapozunguka huamsha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kiufuate mzunguko. Springi nyembamba iliyojiviringa hukizuia. Pale mvuto wa sumaku na ukinzani wa springi vinapolingana, ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze alisajili hataza ya mpango huu mwaka 1902, na mpaka leo pikipiki zinauzwa nao.

Sumaku ikipoteza nguvu kwa miaka, mshale hushuka. Springi ikilegea, hupanda. Mshale ukiwa umerudishwa vibaya baada ya dashibodi kufunguliwa, hukosea kwa kiasi kilekile kuanzia mwendo mdogo hadi mkubwa. Lakini kihesabu kilomita, zile namba zinazojikusanya chini ya mshale, hakimo katika habari hii. Kinapokea mzunguko kutoka kebo ileile, ila chenyewe ni meno ya gia matupu, hakitegemei sumaku wala springi. Gurudumu likizunguka, kinahesabu. Vifaa viwili vinakula kutoka kebo moja, na kimoja tu kati yake kinaweza kuchoka. Uchunguzi wote umesimama hapo, na ndiyo maana ni hasara kubwa kupima mwendo bila kupima umbali.

Sasa kifaa cha kupimia. Watu wengi hudhani GPS hupata mwendo kwa kutazama ulikuwa wapi sekunde iliyopita na uko wapi sasa. Ingekuwa hivyo tu, isingefaa kwa kazi hii: simu ya kawaida hukosea mahali ilipo kwa mita kadhaa, na kosa la mita 3 ndani ya sekunde moja ni karibu kilomita 11 kwa saa. Kipokezi kizuri hutumia jambo alilolieleza Christian Doppler mwaka 1842, lile linalofanya honi ya basi isikike nyembamba likikujia na nzito likishakupita. Setilaiti za GPS, zikiwa kilomita 20,200 hivi juu yetu, hutangaza kwa masafa ya megahezi 1575.42. Pikipiki ikielekea upande wa setilaiti kwa kilomita 60 kwa saa, masafa yanayoifikia hupanda kwa hezi 88 hivi, kati ya zaidi ya hezi bilioni moja na nusu. Kipokezi kinaiona tofauti hiyo ndogo. Kinajua setilaiti yenyewe inakwenda wapi na kwa kasi gani, kinauondoa mwendo huo, na kwa kulinganisha setilaiti kadhaa kinabaki na wa kwako. Anga likiwa wazi, kosa mara nyingi huwa chini ya nusu kilomita kwa saa. Sijui kipimo kingine cha kiwango hicho ambacho mtu wa kawaida anatembea nacho mfukoni.

Tochi ya rada ya askari wa usalama barabarani nayo husoma mwendo kwa kanuni hiyohiyo ya Doppler, na haina habari na ukubwa wa tairi lako. Dereva aliyeona 55 kwenye dashibodi huku tochi ikimwandika 58 aanze kukagua pikipiki yake kabla ya kugombana na mtu.

Mahali pa kupimia pawe tambarare, pamenyooka, na pasiwe na cha kuziba anga. Barabara inayokata uwanda wa Bahi, magharibi mwa Dodoma, ni ya aina hiyo. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo hapafai, kwa sababu mawimbi hugonga kuta kwanza ndipo yaifikie simu. Jaza upepo tairi la mbele kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki likiwa bado baridi. Chagua saa ambayo magari ni machache. Dereva asiitazame simu hata mara moja, na katika hili hakuna ruhusa ya dharura. Ama programu irekodi safari yenyewe, ama abiria wa nyuma aishike simu na kusoma, huku wote wawili wamevaa kofia ngumu.

Dereva aushike mshale kwenye 40, kisha 60, kisha 80 kama barabara na sheria ya mahali hapo vinaruhusu. Kila mwendo udumishwe sekunde kumi na tano au zaidi kabla ya kusomwa, maana programu nyingi hulainisha namba na kuchelewa kidogo nyuma ya ukweli. Mshale utazamwe kwa macho yaliyo mbele yake moja kwa moja. Ukitazamwa kwa ubavu, kilomita mbili zinaongezeka au zinapotea bure. Rudieni njia ileile kinyume. Upepo hauna neno hapa, kwa kuwa gurudumu na setilaiti vyote vinapima mwendo wa juu ya ardhi, lakini mteremko usioonekana humfanya dereva auachie mshale upande bila kujua. Mwisho, andikeni kihesabu kilomita kilisema nini mwanzo na mwisho wa kipande cha kilomita 10 au zaidi, pamoja na umbali uliorekodiwa na GPS.

Asiyeamini simu anayo njia ya zamani: nguzo za kilomita na saa ya kusimamishia. Mshale ukiwa 60, kilomita 5 zapaswa kwisha kwa sekunde 300. Zikichukua 330, mwendo ulikuwa 54 na nusu.

Tuseme sasa namba zimepatikana. Mshale 60, setilaiti 55. Kihesabu kilomita kinasema 10.2, GPS inasema 10.0. Mshale umezidisha kwa asilimia 9, lakini kihesabu kimezidisha kwa asilimia 2 tu. Hizo 2 ni za gurudumu na gia yake, kwa sababu ndizo zinazowafikia wote wawili. Asilimia 7 zinazosalia zimezaliwa ndani ya spidomita yenyewe, na kwa pikipiki isiyo na historia ya kufunguliwa dashibodi, kwa kawaida ndiyo ziada ya kiwandani. Hakuna cha kutengeneza hapo. Ila mtu huyo akipata 36 kwa 40, 56 kwa 60 na 76 kwa 80, tofauti ni 4 kila mahali, na hiyo ni dalili ya mshale uliokaa vibaya kwenye ekseli yake. Pikipiki ikiwa imesimama huoni kitu, kwa kuwa mshale unalala kwenye kizuizi cha sifuri kama kawaida.

Tairi linastahili hesabu yake. La 2.75-17, kwa vipimo vyake vya jina, lina mzingo wa mita 1.80 hivi. Likiisha milimita 5 za kashata, gurudumu hulazimika kuzunguka karibu asilimia 2 zaidi kwa umbali uleule, na mshale na kihesabu vyote hupanda. Huo ni upande salama. Upande wa hatari ni wa kuongeza: ukifunga 3.00-17 mbele, mzingo unakua kwa asilimia 2 na ushei; ukihamishia gurudumu la 2.75-18, unakua kwa zaidi ya 4. Spidomita ambayo ikisema 60 ulikuwa kweli unakwenda 58, sasa ikisema 60 unakwenda karibu 61. Kinga yote ya kiwandani imekwisha. Vivyo hivyo gia ya spidi ya modeli nyingine: inaweza kuingia kitovuni vizuri kabisa, lakini meno yake yamepangiwa gurudumu jingine, na kosa lake huwa kubwa kuliko la tairi. Mtu anayeuziwa gia hiyo haambiwi, na mara nyingi hata muuzaji hajui.

Nasisitiza upande huu kwa sababu nishati ya chombo hukua kwa mraba wa mwendo. Anayedhani yuko 50 kumbe yuko 55 amebeba nishati zaidi kwa asilimia 21, na breki zake na abiria wake ndio watakaoimaliza.

Pikipiki zinazosoma mwendo kwa kitambuzi cha kwenye gia boksi zina mtego wa tofauti. Kwa hizo tairi la nyuma ndilo lenye neno, pamoja na spoketi. Dereva wa milimani akibadilisha spoketi ya nyuma kutoka meno 42 kwenda 45 ili apande na mzigo, mshale na kihesabu huzidisha kwa asilimia 7 papo hapo, naye huanza kuamini kwamba mafuta yanakwenda mbali kuliko yanavyokwenda kweli. Kwa mwenye kebo ya gurudumu la mbele, badiliko hilo halibadilishi usomaji wowote.

Kipimo kirudiwe kila baada ya kubadili tairi, gia ya spidi au spoketi inayohusika. Na kama kihesabu kilomita kikisoma pungufu ya GPS kwa asilimia 3 au zaidi, pikipiki isiendelee na kazi ya abiria mpaka gurudumu la mbele lifunguliwe na meno ya gia yahesabiwe.