Saa ya Dunguni

Katika ufundi wote niliopata kuuona mikononi mwa watu, wa seremala, wa mhunzi, wa msuka makuti na wa nahodha, sijaona uliotaka zana chache kuliko ule wa babu yangu mzaa mama, ambaye kwa miaka mingi alilinda shamba la mahindi na mihogo upande wa Kisarawe, juu ya dungu la miti minne, akiwa na debe bovu, kijinga cha moto na mbingu nzima juu ya kichwa chake. Debe lilikuwa la kufukuzia nguruwe. Mbingu ilikuwa saa.

Nilipofikia umri wa kuaminiwa zamu, aliniketisha dunguni nimeelekea kaskazini, akanionyesha kile kifungu cha nyota ndogo ndogo kiitwacho Kilimia, ambacho wasomaji wa vitabu vya falaki hukiita Thurea, akasema: "Mjukuu wangu, kikifika wima juu ya mwembe ule, niamshe, usiku utakuwa umegawanyika." Ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua za vuli zimeshika, na hakika Kilimia kilipofika pale ilikuwa yapata saa sita. Nikajiona nimehitimu. Mwezi mmoja baadaye nilikitazama kikipanda, kikafika juu ya mwembe, nikamwamsha mzee kwa fahari. Naye akaketi, akaziona taa za majirani bado zinawaka, akacheka hata dungu likatikisika, kwani ilikuwa saa nne tu. "Nyota haikukosa," akasema. "Umekosa wewe uliyedhani kwamba inangoja. Mwezi huu ushike zile tatu zilizopangana mstari. Zikikufika utosini, ndipo uniamshe."

Zile tatu ni mshipi wa Jabari, nami nilijifunza jina hilo baadaye sana, kama nilivyojifunza baadaye sababu ya aibu yangu. Dunia hujizungusha na wakati huohuo husafiri kulizunguka jua, kwa hiyo nyota hukamilisha duara yake kwa saa 23 na dakika 56, na kila usiku huwahi kwa dakika 4 hivi kuliko usiku uliotangulia. Dakika 4 ni kitu gani? Hazitoshi kuchemsha chai. Lakini katika siku 30 huwa saa 2, na mwaka ukitimia huwa siku kamili, nyota ikarejea juu ya mwembe wake kwa saa ileile. Ndiyo maana Kilimia, chenye jina lililo jamaa ya kulima, huzama katika mwanga wa jioni mwezi wa Mei, masika yakiwa yanaisha, kikaonekana tena alfajiri mwezi wa Juni, ardhi imekauka. Wala wazee hawakuhitaji kalenda ya ukutani ili kuyafahamu hayo.

Mwezi una tabia nyingine, na hapa wengi hupotea, wakidhani kwamba kwa kuwa huchomoza mashariki na kutua magharibi kama nyota, basi mwendo wake ni mmoja tu. Mtu aliyepanda gari moshi la Reli ya Kati, akatoka Pugu kwenda Soga na Ruvu, akiinuka kitini na kutembea polepole kuelekea behewa la mwisho, kwa miguu yake aenda mashariki, ilhali gari lamchukua magharibi pamoja na wote walioketi. Mwezi ndiye abiria huyo asiyetulia: kila saa hurudi nyuma kwa kadiri ya upana wake mwenyewe, kwa siku hurudi digrii 13 hivi, na kesho yake huchomoza amechelewa kwa wastani wa dakika 50. Anayetaka kuushuhudia mwendo huu na achague usiku ambao mwezi u karibu na nyota ing'aayo, nyota ikiwa upande wa mashariki, aliangalie pengo lililo kati yao, kisha aketi saa moja bila haraka. Atalikuta pengo limepungua kwa upana mmoja wa mwezi. Mimi jambo hili nalilijibu katika mtihani nikapata alama zangu, na nilikuwa mtu mzima, mkazi wa Kibaha, siku nilipoliona kwa macho kutoka kizingitini pangu. Nasema bila haya kwamba alama zile sikuzistahili.

Babu hakujua digrii. Alijua kwamba baada ya mwezi mpevu giza la mwanzo wa usiku hurefuka kila siku, na kwamba nguruwe nao walijua.

Alipimia ngumi. Ngumi ya mkono ulionyoshwa huziba kama digrii 10 za mbingu, nazo mbingu huzipita kwa dakika 40. Na kipimo cha mkono si cha wakulima peke yao, maana Ahmad ibn Majid na mabaharia wa karne ya 15 walipima kimo cha nyota kwa vidole, wakijua wamefika wapi katika bahari isiyo na alama. Mabaharia ndio walioyafanya majina ya nyota kuwa majina ya pande: jaa kwa kaskazini, suheli kwa kusini. Suheli twaiona vizuri jioni za Januari hadi Aprili. Ile Jaa, kwa kuwa sisi tu karibu digrii 7 kusini ya Ikweta, imejificha chini ya upeo wa macho, na hivyo mtu wa Kisarawe aliyetumia neno hilo aliuita upande mmoja wa nchi yake kwa nyota asiyoweza kuiona nyumbani kwake.

Mwembe ule haupo tena, umekuwa mkaa. Hapa Kibaha alama yangu ni mnara wa simu ulio kaskazini ya nyumba, na ingawa mwanga wa Dar es Salaam umeumeza upande wa mashariki, juu ya mnara bado kuna giza la kutosha. Juzi Kilimia kilifika wima juu ya ncha yake saa nne kamili. Jana ilikuwa saa nne kasoro dakika 4. Usiku huu mawingu yametanda kutoka baharini, nami nimetoka mara mbili kutazama.