Kucheka Tendo na Kucheka Ulimi: Nyimbo za Dhihaka kuhusu Idi Amin na Lugha ya Koboko na Arua

Ikisiri

Makala haya yanahakiki santuri ya Kiingereza ya mwaka 1975 iliyomdhihaki Idi Amin, na kuilinganisha na nyimbo za Kiswahili za Vita vya Kagera. Hoja kuu ni kwamba misimu inayowatatiza wasikilizaji wa leo katika santuri hiyo haina asili West Nile. Chimbuko lake ni jukwaa la vichekesho la Marekani na Uingereza. Makala yanaonesha pia umuhimu wa tofauti hiyo kwa sera ya Kiswahili nchini Uganda.

1. Utangulizi

Katika miaka ya 1970, Alan Coren, mwandishi wa jarida la Punch la London, alibuni hotuba za kuchekesha na kuzitia kinywani mwa Rais Idi Amin. Hotuba hizo zilikusanywa katika vitabu viwili, mwaka 1974 na 1975. Mwigizaji John Bird alizisoma katika santuri iitwayo The Collected Broadcasts of Idi Amin (1975), na kutokana na dhihaka hiyohiyo ukatoka pia wimbo. Msikilizaji wa Koboko, ambako ndiko asili ya baba yake Amin, akiisikiliza santuri hiyo leo hukumbana na fumbo: mtu anayetajwa kuwa wa kwao anazungumza lugha ambayo kwao haijawahi kuzungumzwa.

2. Misimu ya nani?

Ugumu wa matini hayo una tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ni marejeo ya siasa na burudani ya Uingereza ya wakati ule, ambayo hata kijana wa London leo angehitaji kufafanuliwa. Tabaka ya pili, iliyo nzito zaidi, ni ya matamshi na sarufi. Konsonanti za Kiingereza zimepotoshwa kwa makusudi, na kitenzi kishirikishi kimevurugwa bila kujali nafsi. Sifa hizi zinafahamika vizuri katika historia ya maigizo. Ni sifa za wazungu waliojipaka masizi usoni na kuigiza watu weusi wa Marekani tangu karne ya 19. Mtindo huo ulikuwa hai Uingereza wakati santuri inatolewa, kwani kipindi cha The Black and White Minstrel Show kilirushwa na BBC kuanzia mwaka 1958 hadi 1978. Kwa hiyo hadhira ya Coren haikuhitaji kuijua Uganda ili icheke. Ilikwisha kufundishwa mahali pa kucheka.

Amin mwenyewe alikulia katika mazingira tofauti kabisa ya lugha. Alijua Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, na Kiingereza chake kilifinyangwa katika jeshi la King's African Rifles alilojiunga nalo mwaka 1946. Katika filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974 anasikika akizungumza kwa sauti yake, na sauti hiyo haifanani na ya santuri. Kinubi nacho, kilichotokana na Kiarabu cha askari wa Emin Pasha, kina kanuni zake. Kitenzi hubaki na umbo moja, na viambishi vya mbele hubeba njeo na hali: ana gi rua ni "ninakwenda", ana bi rua ni "nitakwenda". Kiswahili cha kambini, ambacho Mutonya na Parsons wamekichunguza kwa jina la KiKAR, kilipunguza upatanisho wa ngeli, lakini kiliwawezesha askari wa makabila mengi kuelewana, kupokea amri na kuimba. Lugha ya santuri haina kanuni inayoweza kuelezwa kwa namna hiyo, kwa sababu haina jumuiya ya wasemaji.

3. Nduli: dhihaka inayotaja kosa

Inaweza kutetewa kwamba dikteta anastahili kuchekwa kwa njia yoyote. Utetezi huo una uzito. Utawala wa Amin (1971–1979) uliua watu kwa makumi ya maelfu hata kwa makadirio ya chini, na kicheko ni silaha ya wanyonge. Swali la uhakiki ni kile kinachochekwa.

Mwaka 1978, majeshi ya Uganda yalipoivamia Kagera, Tanzania ilijibu kwa silaha na kwa nyimbo. Bendi na vikundi vya kwaya vilimwita Amin "nduli", na redio ikalisambaza jina hilo. Leo neno hili nalo huwatatiza vijana, ambao wengi hulidhani kuwa sehemu ya jina lake. Nduli ni katili, muuaji. Anayeuliza maana yake huelekezwa moja kwa moja kwenye damu iliyomwagika. Anayeuliza maana ya misimu ya santuri huelekezwa kwenye kumbi za burudani za London. Neno la kwanza linashutumu tendo. Misimu ya pili inacheka ulimi, na muuaji anageuka kuwa mjinga wa kupendeza.

Hata hivyo, nyimbo za Kagera zisipewe sifa kupita kiasi. Zilikuwa propaganda za vita, na hazikumtenga Amin na watu wa eneo lake.

4. Gharama kwa West Nile

Kutomtenga huko kulikuwa na gharama. Baada ya mwaka 1979 wakazi wa Arua na Koboko walihesabiwa kuwa "watu wa Amin". Mwaka 1980 wengi walikimbilia Sudan na Zaire, na Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali. Santuri ya London haikusababisha maafa hayo. Ila fikra iliyoibeba, kwamba namna ya kusema ya mtu ni ushahidi wa ukatili au upumbavu wa watu wake, ni fikra ileile.

Kiswahili chenyewe kilipata doa hilo. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi kikabaki lugha ya mwenye bunduki. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni.

5. Hitimisho

Mambo mawili yanapendekezwa kwa watunga sera. Kwanza, vitabu vya Kiswahili vya Uganda viitambue historia ya Kiswahili cha kambini na uhusiano wake na Kinubi, badala ya kuvihesabu kuwa makosa ya kusahihishwa. Mwanafunzi wa Koboko aingie darasani akijua kwamba lugha ya nyumbani kwake ina sarufi. Pili, nyimbo za Kinubi za dholuka, pamoja na kumbukumbu za nyimbo za askari, zirekodiwe Arua na Koboko wakati wazee wanaozifafanua wangali hai, na zihifadhiwe pamoja na maelezo yao. Makerere tayari ina hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann inayoweza kuzipokea. Bila kazi hiyo, mtafiti wa kesho atakayetaka kusikia jinsi West Nile ilivyosema na kucheka katika zama za Amin atabakiwa na sauti ya John Bird.