Kumtembelea mzazi wa mara ya kwanza: Songwe ichukue nini Denver, ichukue nini Lindi

Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 uliukuta Mkoa wa Songwe ukiongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni. Katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshapata ujauzito. Wastani wa taifa ulikuwa 22. Takwimu hiyo hutajwa sana majukwaani, na jibu huwa lile lile: wazuiwe wasipate mimba. Sawa. Na aliyekwisha kuipata je?

Njia mojawapo iliyopimwa kwa kina ni ya muuguzi kumfuata nyumbani. Mtafiti wa Marekani David Olds aliijaribu Elmira, mji mdogo wa jimbo la New York, kuanzia mwaka 1978, kwa wajawazito 400 ambao wengi wao walikuwa wadogo kwa umri, maskini au hawana mume. Watu wanaposimulia mpango huo husema tu kwamba wauguzi walitembelea watu majumbani. Nguvu yake ilikuwa kwenye masharti. Mimba iwe ya kwanza. Muuguzi ni yule yule, tangu ujauzito mpaka mtoto atimize miaka miwili. Na asibebeshwe mzigo: Uingereza, iliyoanza kuuiga mpango huu mwaka 2007, iliweka kikomo cha familia 25 kwa muuguzi mmoja.

Sharti la mimba ya kwanza lina sababu yake. Mwenye watoto watatu ana mazoea yake tayari, na humtoi humo kwa maneno. Wa kwanza bado anauliza: kitovu nipake nini, maziwa mbona hayatoki, nimpe maji au nisimpe. Asipojibiwa na anayejua, atajibiwa na kila anayepita uani.

Kwetu, jaribio lenye uzito zaidi ni la mpango huo huo mjini Denver, Marekani, miaka ya 1990. Wajawazito 735 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakatembelewa na wauguzi, wengine na wahudumu wasio na taaluma hiyo lakini waliofunzwa mpango ule ule, na kundi la tatu halikutembelewa. Pale wahudumu walipoleta mabadiliko, kwa kawaida yalikuwa kama nusu ya yale ya wauguzi. Lisome hilo huku ukikumbuka kwamba Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Mpango mzuri, nauunga mkono. Ila mhudumu huyo ana kaya zote za mtaa wake, na malaria, lishe, kifua kikuu na vyoo vyote vinamsubiri yeye.

Hata muuguzi si dawa ya kila kitu. Matokeo ya jaribio la Uingereza, lililohusisha wasichana 1,645, yalitoka mwaka 2015 na kuwavunja moyo wengi: uvutaji sigara, uzito wa mtoto anapozaliwa, mimba ya pili ndani ya miaka miwili na kukimbizwa hospitali, kote huko hapakuonekana tofauti. Wasichana ambao hawakuwekwa kwenye mpango nao walikuwa na mkunga wao, daktari wao na muuguzi wa kawaida wa watoto. Pengo lililobaki lilikuwa dogo.

Kwetu, kusini mwa Tanzania, pengo lilikuwa kubwa. Katika mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga, watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa London walifunza wanawake 824 wa kujitolea katika kata 65 kati ya 132 zilizokuwa kwenye utafiti huo mikoani Lindi na Mtwara. Kila mmoja alitakiwa kumfikia mjamzito mara tatu, kisha mara mbili katika siku za mwanzo baada ya kujifungua. Hawakuwa na maabara wala mashine. Walikuwa na picha za kufundishia, na kadi iliyochorwa nyayo: unaweka mguu wa kichanga juu ya mchoro, ukiwa mfupi unajua mtoto huyu ni mdogo mno, akumbatiwe kifuani ngozi kwa ngozi na apelekwe kwenye huduma. Naipenda kadi ile kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Vifo vya vichanga, hata hivyo, havikutofautiana kati ya kata zilizotembelewa na zisizotembelewa. Sioni hapo uzembe wa wale akina mama. Mtembeleaji anaweza kumshawishi mjamzito ajifungulie kituoni; mtoto akitoka halii, anayetakiwa ni mtu mwenye kifaa cha kupulizia hewa mkononi, wakati huo huo. Kitaifa, kati ya tafiti za 2015/16 na 2022, makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, huku vya vichanga vikitoka 25 hadi 24 tu kwa kila 1,000. Kichanga anaokolewa wodini. Kumpima mtembeleaji kwa kipimo hicho ni kumwonea.

Kwa hiyo Songwe ikianzisha mpango wa namna hii, ipime yale yanayoamuliwa nyumbani: mimba ya pili imekuja lini, msichana amerudi shule kama serikali ilivyoruhusu Novemba 2021, mtoto ananyonya, mama yuko salama na anayeishi naye. Kazi ya kumtafuta ianzie mtaani. Ukingoja daftari la kliniki utamkosa, kwa kuwa kliniki nyingi humtaka mjamzito aje na mwenza, asipokuwa naye alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Binti wa miaka 16 aliyekataliwa na bwana hakimbilii kwenda kuomba barua hiyo. Mhudumu wa mtaa amtambue mapema, kisha amkabidhi kwa muuguzi mkunga.

Tunduma ina ugumu wake. Ni mji wa Songwe ulio mpakani na Zambia, wa watu zaidi ya 200,000, wa malori na vyumba vya kupanga; aliyeko kata ya Sogea mwezi huu anaweza kuwa kata ya Mpemba mwezi ujao, au kavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kwa shangazi. Ratiba iliyoandikwa kwa nyumba itakwama. Muuguzi amfuate mtu, kwa simu na kwa miadi ya kukutana popote, hata gengeni. Malori yalipata kituo cha pamoja cha mpakani mwaka 2019. Kadi ya kliniki nayo ingefaa kupokelewa pande zote mbili.

Inabaki hesabu ya watu. Kwa kikomo cha familia 25, wasichana 100 wanahitaji wauguzi wanne kwa zaidi ya miaka miwili. Kuwatoa kwenye wodi za kujifungulia ni kuhamisha pengo, tena kulipeleka pale pale kichanga anapookolewa. Bora waajiriwe wapya wawili, waanze na wasichana 50 walio chini ya miaka 18 wasio na mwenza, mjini Tunduma tu. Wilaya nyingine za Songwe, kama Momba na Ileje, zisubiri.