Kumfungia Mtoto Mchezo

Siku hizi kijana akifeli mtihani au akianza kujitenga na wenzake, lawama ya kwanza huiangukia michezo ya kompyuta. Sikatai kwamba hatari ipo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa michezo hiyo katika orodha yake ya maradhi. Ninachokikosoa ni dawa tunazoziagiza, na mfano wangu ni Korea Kusini.

Mwaka 2011 nchi hiyo iliwapiga marufuku watoto wa chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri. Wapo walioingia kwa namba za vitambulisho vya wazazi wao. Wengine wakahamia kwenye michezo ya simu, ambayo sheria haikuigusa. Mwaka 2021 serikali ikaamua kuifuta sheria yenyewe.

Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa kutazama saa bila kumtazama mtoto. Mjini Seoul, wakati huo huo, masomo ya ziada ya kulipia yaliruhusiwa kuendelea hadi saa 4 usiku. Mtoto aliyeshinda darasani tangu asubuhi angecheza lini, na nani? Mchezo wa kompyuta humsubiri hata usiku wa manane, humsifu kwa kila hatua, wala haumuulizi ameshika nafasi ya ngapi.

Basi, mzazi mwenzangu, kabla hujaizima mashine jiulize: mwanao akiinuka pale, anakwenda wapi? Kama jibu ni kitabuni tena, hujamtibu. Umemnyima pumziko lake tu.