Anayeshindwa Kila Mara: Msomaji katika Ngonjera za Mathias Mnyampala

Kila mwaka, Sikukuu ya Mikaeli na Watoto inapofika, sharika zetu hapa Dodoma husikiliza ngonjera. Watoto husimama mbele ya madhabahu katika safu mbili zinazotazamana. Upande mmoja unauliza na kubisha, upande wa pili unajibu. Baada ya beti kadhaa, anayebisha anakiri kwamba alikosea, pande zote mbili zinaungana, na akina mama wanapiga vigelegele. Wengi wetu tulio katika miaka ya arobaini tulikariri ngonjera shuleni kabla ya kujua kusoma vizuri. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu aliyeieneza sanaa hii nchini alizaliwa hapa kwetu Ihumwa, mahali tunapopita leo tukielekea Morogoro.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Alikuwa Mgogo na Mkristo Mkatoliki, akaitumikia serikali katika kazi za utawala na mahakama, huku kalamu yake ikifanya kazi bila kupumzika. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1963 alitoa diwani yake pamoja na *Utenzi wa Enjili Takatifu*, na mwaka 1965 *Utenzi wa Zaburi*. *Ngonjera za UKUTA*, kitabu kilichoifanya sanaa hiyo ijulikane kila mahali, kilichapishwa mwaka 1970, yeye akiwa amekwisha kulala. UKUTA ni chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, ambacho alikiongoza.

Katika makala haya hatukusudii kupima vina na mizani yake. Wapo wataalamu wa kazi hiyo. Tunauliza jambo moja tu: Mnyampala alimwonaje msomaji wake? Swali hili linatuhusu sisi tunaoandika ndani ya Kanisa, kwa maana kila anayeandika mahubiri, somo la kipaimara au kijitabu cha faraja ana mtu anayemwona mbele ya karatasi. Jinsi tunavyomwona mtu huyo ndiyo imani yetu juu yake, hata kama midomo yetu inasema vingine.

Tuanze na kitabu cha 1954. Kabla yake, habari za Wagogo ziliandikwa hasa na maofisa na wamisionari, kwa lugha za kwao na kwa wasomaji wa kwao. Mgogo alikuwa anasemwa, hasemeshwi. Mnyampala aliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo Mgogo aliyekwenda shule aliweza kuisoma na ambayo Mnyamwezi au Mzaramo aliweza kuisoma pia. Kwa hiyo alikuwa na wasomaji wawili kwa wakati mmoja: jirani asiyetujua, na mwenyeji anayejua zaidi ya mwandishi. Huyu wa pili ndiye msomaji mgumu. Babu wa Ihumwa akisomewa habari za ukoo wake huweza kusema papo hapo, "Hapana, haikuwa hivyo." Mwandishi anayejua kwamba atasomwa na mtu wa namna hiyo huandika kwa adabu.

Katika *Utenzi wa Enjili Takatifu* adabu hiyo inachukua sura nyingine. Utenzi ni chombo cha pwani. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani nane nane, na kwa karne nyingi ulitumika hasa kusimulia habari za dini ya Kiislamu. Mnyampala, mtu wa bara na Mkristo, hakukiona chombo hicho kuwa najisi. Alijua kwamba sikio la Mswahili limezoea mwendo huo, na kwamba mtu asiyefungua Biblia anaweza kukaa barazani akasikiliza utenzi. Akampelekea Enjili kwa sauti aliyokwisha kuipenda. Ndivyo alivyofanya Martin Luther alipotafsiri Biblia: alitega sikio kwa mama nyumbani, kwa watoto njiani na kwa mtu wa kawaida sokoni, akaandika jinsi wanavyosema. Waandishi hawa wawili hawakumwambia msomaji, "Njoo kwanza huku niliko." Walimwendea aliko.

Ndipo tunafika kwenye ngonjera, na hapa tunasimama kwa muda mrefu zaidi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walitakiwa kusaidia kuieleza siasa ya ujamaa na kujitegemea kwa wananchi. Watu wazima wengi nchini walikuwa hawajui kusoma. Kitabu kisingewafikia, lakini watoto wa shule wangeweza kukikariri na kukipeleka uwanjani. Mnyampala aliona jambo ambalo waandishi wengi hawalioni: kwamba msomaji anaweza kuwa kinywa cha kitabu. Shairi likatoka kwenye karatasi likapata miguu. Tusilidharau tendo hilo. Kwa namna fulani ndilo tendo la Kanisa lenyewe, kwa maana hata nyaraka za Paulo ziliandikwa ili zisomwe kwa sauti mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma.

Lakini ngonjera ina kasoro, nayo imo ndani ya umbo lake. Asiyejua anauliza, anayejua anajibu, na mwisho asiyejua anakubali. Huyo asiyejua ndiye aliyekusudiwa kuwa msomaji. Ni mkulima anayesitasita, mzazi asiyepeleka mtoto shule, kijana mvivu. Mwandishi amempa sauti, lakini pia amemwandikia kushindwa kwake tangu ubeti wa kwanza. Swali lake linatengenezwa liwe na urefu ule ule wa jibu lililokwisha kuandaliwa. Hawezi kuuliza zaidi ya hapo. Mtoto anayepewa upande huo anajua kwamba kazi yake ni kushindwa vizuri.

Tulilijua hili kwa kuumia. Miaka michache iliyopita, katika msimu ambao mvua zilikatika mapema na uwele ukakauka ukiwa magotini, tuliandika kijitabu cha faraja kwa ajili ya vipindi vya akina mama. Tulikiandika kwa umbo la ngonjera, kati ya Mwenye Shaka na Mwenye Imani. Mwenye Shaka aliuliza kwa nini Mungu ananyamaza. Mwenye Imani alijibu kwa maandiko, na katika ubeti wa nane Mwenye Shaka alishukuru na kusema sasa moyo wake umetulia. Tulikipenda. Tulipiga nakala mjini tukazigawa.

Katika mtaa mmoja, mama aliyekuwa amemzika mtoto wake mwezi ule alipewa sehemu ya Mwenye Shaka. Hatukuwa tumempangia, alikuwa anajua kusoma na zamu ilimfikia. Alisoma beti zote kwa sauti ambayo hatujaisahau. Alipofika ubeti wa nane alinyamaza. Wenzake walidhani haoni maandishi. Akakunja karatasi akasema, "Mchungaji, hapa sisemi. Huyu amekubali upesi mno."

Hakuondoka. Aliketi, kipindi kikaendelea kwa wimbo. Lakini sisi tulijua kwamba kijitabu chetu kimepata hukumu yake. Tulikuwa tumemwandikia msomaji ambaye hayupo, mwenye shaka aliyeumbwa ili atupe nafasi ya kujibu. Msomaji aliyekuwepo, mwenye kaburi jipya nyuma ya nyumba, tulimtaka akope maneno ya toba kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mtu atasema tunamwonea Mnyampala, na kwamba ngonjera za taifa zilikuwa na kazi yake. Ni kweli. Tena tukumbuke kwamba alikulia katika ulimwengu wa ushairi ulio tofauti kabisa na huo. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji wake kutoka kila pembe ya nchi. Mmoja aliuliza kwa shairi, mwingine akajibu kwa shairi katika toleo jingine, wa tatu akawakosoa wote wawili. Hayo ndiyo malumbano. Mlumbaji hakuweza kumwandikia mpinzani wake ubeti wa mwisho, kwa sababu mpinzani alikuwa mtu mwenye kalamu yake na anwani yake. Msomaji wa mwezi huu alikuwa mwandishi wa mwezi ujao. Ngonjera ilirithi pande mbili za malumbano, lakini ikaziweka zote mkononi mwa mwandishi mmoja. Hapo ndipo pana hasara.

Biblia yenyewe iko upande gani? Tukiisoma kwa makini tunaona kwamba haiogopi mpinzani wa kweli. Marafiki wa Ayubu walikuwa wanacheza ngonjera. Walikuwa na majibu yote na walimngoja mwenzao akiri. Ayubu hakukiri walichotaka. Mwishoni Bwana anawakemea wao, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu mtumishi wake. Zaburi ya 88 inamalizikia gizani, bila ubeti wa kutuliza, na bado Kanisa limeihifadhi kama sala. Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anaanza kujibu mambo ambayo wasomaji wake walimwandikia kwanza. Sehemu nzima ya Agano Jipya ni jibu la barua ya waumini. Na Waberoya wanasifiwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, kwa sababu walimsikiliza Paulo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama aliyosema ni kweli. Luka hakuwaita wabishi. Aliwaita waungwana.

Sisi Walutheri tumelelewa kwa maswali na majibu. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 inauliza maana ya kila amri na kila ombi. Lakini tuangalie anayeuliza pale ni nani. Si mjinga aliyewekwa ili ashindwe. Ni mtoto wa nyumbani anayemwuliza mzazi wake maana, na anaruhusiwa kuuliza tena kesho. Ngonjera zetu za kanisa zingeweza kujifunza hapo. Mtoto wa upande wa maswali apewe swali ambalo mwalimu wake mwenyewe hajalimaliza. Usharika hautaanguka.

Wala hatusemi mwandishi wa imani asiwe na ujumbe. Mnyampala alikuwa nao, nasi tunao. Tunasema tu kwamba ujumbe hauhitaji kumnyang'anya msomaji ulimi wake. Mwandishi atoe alicho nacho chote, kisha anyamaze kabla ya ubeti wa mwisho, kwa sababu ubeti huo si wake. Akiuandika yeye atapata vigelegele, lakini hatajua kama ameaminiwa.

Kile kijitabu tulikiandika upya. Ubeti wa nane tuliufuta, tukaacha mistari minne mitupu. Katika mitaa kadhaa akina mama wameijaza. Wengine wameandika shukrani, wengine swali jingine, na mmoja aliandika jina la mtoto tu. Tumezisoma karatasi hizo kwa taratibu kuliko tulivyowahi kusoma maandishi yetu wenyewe.

Yule mama hajaandika kitu. Nakala yake bado iko tupu ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Tumeiona pale anapokifungua siku ya Jumapili. Tunapokutana mlangoni tunamsalimu "Mbukwenyi, mama," naye anaitikia. Hatujamwuliza habari za karatasi ile. Tumejifunza kungoja.