Mkalimani au Mfafanuzi? Juu ya Istilahi za Mahali pa Historia Karagwe na Kyerwa

Imetufikia mezani nakala ya mwongozo uliofasiriwa kutoka Kiingereza, uliokusudiwa wanafunzi wa vyuo watakaotumwa kuwapokea wageni katika mahali pa historia mkoani Kagera. Ofisi iliyoutoa hatutaitaja, maana kosa lake ni la wengi. Mwanafunzi huyo ameitwa humo "mkalimani wa ndani wa kiangazi". Tulipolisoma jina hilo mara ya kwanza tulidhani ni mtu atakayefasiri maneno ndani ya nyumba siku za joto.

Tuanze na lililo jepesi. Miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo Ulaya ni majira ya joto, huko Karagwe ni miezi mikavu, na kwa hiyo neno kiangazi limeangukia mahali pake kwa bahati tu. Mwongozo huo huo ukipelekwa Kilwa mwenyeji atashangaa, kwani kwake hicho ni kipupwe. "Likizo ndefu" ingalitosha. Ama hilo "wa ndani", halina la kutetewa. Lugha yetu inalo neno mwanagenzi, yaani mtu anayeanza kujifunza kazi chini ya mwenye ujuzi.

Neno mkalimani ndilo lenye uzito. Kiingereza hutumia neno moja kwa kazi mbili, na mfasiri wetu ameuchukua utatanishi huo kama ulivyo, ingawa Kiswahili hakikulazimika kuurithi. Mkalimani huhamisha usemi wa mtu kutoka lugha moja hadi nyingine, na sifa yake ni kutotia lake. Anayesimama Bweranyange, yalipokuwa makao ya Abakama wa Karagwe, mbele ya watoto wa shule, hahamishi usemi wa mtu yeyote. Anaeleza maana ya mahali ambapo macho peke yake hayamwambii mgeni mengi. Mmarekani Freeman Tilden, katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya kazi hii, alishikilia kwamba hata kutoa habari tupu hakutoshi. Huyo kwa Kiswahili ni mfafanuzi.

Historia ya Karagwe yenyewe inaionyesha tofauti hiyo. Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwezi Novemba 1861, walikuwa naye Sidi Mubarak Bombay, ambaye ukalimani ulikuwa mojawapo ya kazi zake. Hata hivyo Speke ameandika kwamba maamkizi ya kwanza ya Rumanyika yalitolewa kwa Kiswahili kizuri. Si ajabu, kwani biashara ya pwani ilikuwa imekwisha fika huko, na Kafuro palikuwa kituo cha Waarabu. Baadaye ni Rumanyika aliyewaeleza wageni habari za nchi, milima na maziwa yaliyoizunguka. Mkalimani alikuwapo, mfafanuzi alikuwa Omukama mwenyewe.

Mwongozo, cha kusikitisha, unamwita "chifu". Cheo hicho kimetukaa masikioni kwa sababu ya utawala wa kikoloni, naye Rumanyika alitawala kabla Wajerumani hawajafika. Aandikwe Omukama, na kwa msomaji wa mbali iongezwe "mfalme" mara moja tu. Vivyo hivyo ng'ombe wa chuma waliokuwa miongoni mwa vitu vya ufalme, ambao masimulizi huwahusisha na Ndagara, baba yake, wameitwa "mapambo". Pambo huwekwa lipendeze. Vitu hivi vilikuwa dalili ya mamlaka. Wako wanaopendekeza "sanamu", nasi tunasita, kwa kuwa waumini wengi husikia humo kitu cha kuabudiwa. "Vifaa vya enzi" ni jina refu kidogo, lakini halimpotezi mtu.

Huenda msomaji akauliza kama haya si ubishi wa watu wa kamusi. Mwalimu mmoja alitusimulia aliyoyaona kwenye chemchemi za maji moto za Mutagata, ambazo Stanley alizizuru mwaka 1876 na ambazo sasa zimo katika Wilaya ya Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Mwanafunzi alitambulishwa kwa wageni kuwa ndiye mkalimani. Mzee wa hapo, kusikia hivyo, akaamkia, akajiweka sawa, akaanza kusimulia kwa Kinyambo habari za wagonjwa waliokuja kuoga tangu enzi za babu zake. Akasita ili maneno yake yafasiriwe. Kijana hakujua Kinyambo. Alikuwa na karatasi yake, akaisoma. Mzee alingoja kidogo, kisha akaondoka bila kuaga. Wageni walirudi na yaliyoandikwa ofisini, na watoto wa mwalimu huyo hawakuupata usemi ambao pengine hautasikika tena.

Kwa hiyo tumeirudisha nakala ile kwa wenyewe. Kwenye jalada tumeandika "mwanagenzi wa ufafanuzi". Katika ukurasa wa wajibu tumependekeza kwamba mwenyeji ajuaye mahali hapo aitwe mfafanuzi bila kuongezewa neno jingine, na kwamba mwanafunzi atajwe baada yake. Na pale ambapo mwanafunzi hakijui Kinyambo, atafutwe mkalimani. Safari hii kwa maana yake halisi, naye alipwe.